Umebonyeza mute, sauti imekatika, halafu imerudi yenyewe

Wenye baa na gesti hapa Moshi tuliowafungia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma ya TV wanalijua hili lalamiko. Tena linakuja mechi ikiwa imenoga: mhudumu anabonyeza mute, kimya, kisha kelele zinarudi. Anabonyeza tena, hali ni ileile. Basi rimoti inatupiwa lawama na betri zinanunuliwa bure.

Mara nyingi rimoti haina kosa. Kosa liko kwenye skripti inayoisikiliza, yaani programu fupi ndani ya Pi inayogeuza ishara za rimoti kuwa vitendo.

Rimoti nyingi za bei nafuu zinatumia mfumo wa NEC. Ukibonyeza, taa yake ya mbele inapepesa mwanga usioonekana kwa kasi ya 38 kHz. Inaanza na mpigo mrefu wa milisekunde 9, inanyamaza 4.5, halafu inatuma biti 32 (alama za 0 na 1): anwani ya kifaa, amri ya kitufe, na kila moja ikifuatwa na kinyume chake ili mpokeaji ahakiki. Kidole kikiendelea kukaa pale, hairudii ujumbe wote. Kila baada ya takriban milisekunde 110 inatuma ishara fupi tu yenye maana ya "bado nimeshikilia". Sasa fikiria kidole cha mtu mwenye haraka zake: milisekunde 110 zinapita kabla hajakiinua. Skripti inayohesabu ile ishara fupi kama amri mpya itakata sauti na kuirudisha papo hapo.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa Pi, mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mfumo wenyewe unatafsiri ishara na kuikabidhi skripti tukio lenye namba. Namba 1 ni kubonyeza, 0 ni kuachia, 2 ni kuendelea kushikilia. Skripti ikisoma jina la kitufe bila kutazama namba, itafanya kazi ukibonyeza na ifanye tena ukiachia. Hili ndilo tunalolikuta zaidi kwenye skripti zilizonakiliwa mtandaoni, na dawa yake ni mstari mmoja: mute na power zijibu 1 peke yake. Sauti ya kuongeza na kupunguza tunaiachia 1 na 2, maana hakuna anayependa kubonyeza mara ishirini ili muziki usikike hadi uani.

Rimoti za mfumo wa RC-5 wa Philips zina ustaarabu zaidi: biti moja inageuka kila unapobonyeza upya, kwa hiyo kushikilia hakuchanganywi na kubonyeza tena. Ila utaipata wapi kirahisi siku hizi?

Kuna jingine la baa: rimoti ya king'amuzi inaiamsha Pi bila kutarajiwa. Hapo tunaiambia skripti ipokee anwani ya rimoti moja tu, nyingine izipuuze. Na kile kidude cheusi cha miguu mitatu kinachopokea mwanga kisitazame dirisha la jua la mchana.

Kwa anayejifungia mwenyewe: kipe hicho kidude volti 3.3, siyo 5. Pini za Pi hazivumilii 5, na ukiunguza pini hakuna skripti itakayokuokoa. Mpangilio wa miguu nao hutofautiana kwa modeli, usiige picha ya kifaa kingine.

Kabla hujatuletea chochote, washa kamera ya mbele ya simu, ielekeze kwenye taa ya rimoti na ubonyeze. Ukiona inamwekamweka kwa rangi kama ya zambarau, rimoti ni nzima. Njoo nayo hiyohiyo pamoja na kadi ya kumbukumbu ya Pi yako. Tutasoma kodi za vitufe vyake na kurekebisha skripti ukisubiri.