Barua ya wazi kwa mkubwa wa viwanja vya ndege: tupeni ramani kabla ya zege

Mheshimiwa, assalam aleikum.

Mimi ni fundi bomba hapa Lamu, mwaka wa kumi na tisa huu, na kwa heshima zote nshachoka kungoja. Juzi tuliitwa kwenye kiwanja cha ndege, sikitaji, wewe wakijua, maji yanavuja chini ya sakafu na hakuna hata mmoja anayejua bomba limepita wapi. Tukachimba kwa kubahatisha, shimo la kwanza kavu, la pili kavu, la tatu kijana wa dadangu akapiga waya wa umeme ukamtupa, alhamdulillahi yu hai lakini mkono umeungua, jengo zima likazima, abiria wamekaa jotoni na maji bado yanamwagika mpaka magharibi. Halafu tukaambiwa ni uzembe wetu, ujira ukakatwa! Fundi atajuaje kilichofukiwa na mtu mwengine? Nadhani michoro iliondoka na kontrakta, ama iko kabatini inaliwa na mchwa.

Na wewe mwaka jana ulisimama mbele ya wazee ukaahidi ujenzi mpya utafanywa kwa BIM, yaani modeli ya jengo lote kwenye kompyuta. Mimi nilienda kuuliza. Binti yangu anasomea usanifu, akanionyesha kwenye laptopu: jengo zima limo humo kabla halijajengwa, kila bomba, kila pampu, kila taa na kumbukumbu zake, imefungwa lini, yala umeme kiasi gani. Unalipitishia jua la kaskazi na la kusi uone chumba gani kitaungua, uongeze kivuli au ugeuze dirisha, ndipo ununue eisii (mashine ya kupoza) ndogo badala ya kubwa. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe hapa Amu waliyajua hayo kwa kichwa, kuta nene, kiwanda (ua wa ndani) katikati, upepo wapita.

Maji ndo yaniumayo zaidi. Sisi twanywa visima vya Shela, vya mchangani, ukivuta kwa pupa bahari yaingia na maji yawa chumvi. Basi tuvune mvua ya paani, na modeli ituhesabie kabla ya kujenga. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja. Lamu hupata kama milimita 900 kwa mwaka, basi paa la mita mraba 1,000 lapokea karibu lita 900,000, hata ukipoteza robo bado ni mali. Watu wa Pate wana majabia ya kuvunia mvua tangu zamani, jengo la kisasa laimwaga baharini halafu lanunua maji ya buza, ya lori.

Kuna kisiwa cha Baltra, Galápagos, kikavu, ukitua wapanda chombo kuvuka mkondo kama anayetua Manda kuja Amu. Uwanja wao waenda kwa jua na upepo, na maji wanasafisha ya bahari. Kochi kule India tangu 2015 umeme wa uwanja ni wa jua. Sisemi ni BIM iliyowafanyia, nasema walihesabu kwanza.

Na modeli ikikaa ofisini Nairobi haitusaidii. Bomba likihamishwa liandikwe siku hiyohiyo, mita ziwekwe kila upande tujue lita zapotea wapi, na fundi wa hapa afunguliwe aione.

Mheshimiwa, sikuombi fidia, hata ule ujira uwacheni. Naomba hiyo ramani. Zege lisimwagwe kabla hatujapewa ramani, tafadhali.

Fundi bomba, Langoni