Kabla Hujatia Ufunguo

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Kibokoni, Mombasa. Picha ya hiyo Peugeot 404 imefika, na mamako amenikuta barazani nacheka peke yangu. Gari la 1967! Mwaka huo 404 ilishinda mbio za magari za Safari Rally mara ya tatu, na 1968 ikaongeza ya nne. Basi umenunua gari, si chuma chakavu kama asemavyo mamako.

Wasema limelala gereji tangu Novemba, na sasa baridi ya Uingereza imeondoka wataka kulipiga stata Jumamosi. Ngoja kwanza. Wewe wauliza litawaka vipi. Mimi nauliza litasimama vipi.

Langu lililala miezi minne nilipokuwa Lamu. Niliporudi nikatia betri, likawaka mara moja, nami kwa furaha nikashuka nalo Likoni. Ule mteremko wa feri waujua. Pedali ya breki ikazama mpaka chini. Nikavuta handbreki, nikachomeka gia ya kwanza, tukasimama shubiri mbili nyuma ya mkokoteni wa maji. Mwenyewe alinitukana mpaka ng'ambo, na haki alikuwa nayo. Kumbe mafuta ya breki yalikuwa yamenyonya maji na mipira ya kuyaziba imekauka.

Kwa hivyo kanyaga pedali gari likiwa palepale, uishikilie. Ikishuka polepole, usitoke. Chungulia nyuma ya kila gurudumu kama pamelowa. Na kama uliliacha na handbreki juu, usishangae breki za nyuma zikiwa zimeng'ang'ania.

Injini haina maneno mengi. Petroli iliyolala itoe yote. Huko tangu 2021 petroli ya kawaida ni E10, yenye ethanoli (aina ya spiriti) hadi asilimia kumi, nayo hula mipira ya magari ya zamani, tafuta E5, yenye hadi asilimia tano tu. Halafu toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili inayotoa umeme wa cheche, uizungushe injini kwa stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izimike. Oili yote imeteremka chini, huko juu ni chuma kikavu.

Ingia uvunguni na tochi pia, utafute kutu. Sisi chumvi twaletewa na upepo wa bahari. Nyinyi mwaimwaga wenyewe barabarani kuyeyusha barafu. Ajabu.

Likiwaka nipigie, simu uiweke karibu na ekzosi. Usiseme kitu.

Babako