Kwa mpwa wangu anayeandika filamu ya Mkwawa

Marahaba, mpwa wangu.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Umesema ile filamu niliyokutumia imekushinda, umefika kama dakika ya ishirini na tano ukaizima, maana "watu wanaongea kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi". Nimeona nikujibu hapa hadharani. Jina lako sitalitaja, ila najua mko wengi mnaoandika filamu za mashujaa wetu siku hizi, na ninalotaka kukuambia linawahusu na wenzako. Tena linaniuma. Sitatulia nikijua unaendelea na skripti yako ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kabla hujaitazama mpaka mwisho filamu hiyo, Abraham Lincoln ya mwaka 1930, juu ya yule rais wa Marekani wa wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Ulichokiona ni kweli. Wanaongea kama wanasoma risala. Mtu anasimama, anavuta pumzi, anatamka, mwenzake anasubiri mpaka amalize kabisa ndipo naye ajibu. Lakini jiulize ilitoka wapi tabia hiyo kwa mwongozaji kama D. W. Griffith, mtu aliyekuwa ameshatengeneza filamu bubu kwa mamia tangu 1908, aliyewafundisha wenzake namna ya kusogeza kamera karibu na uso wa mtu, namna ya kuruka kutoka tukio hili kwenda lile mpaka mtazamaji moyo umdunde. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya maongezi mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa imeingia kwa kishindo miaka mitatu tu kabla, 1927, na ilipoingia iliwafunga watu miguu. Kamera za wakati ule zilinguruma kama cherehani, na maikrofoni haikuchagua cha kunasa, kwa hiyo kamera ikafungiwa kwenye kibanda na mpiga picha wake humo humo ndani, joto likimchemsha. Maikrofoni nayo ilifichwa mahali, nyuma ya chombo cha maua au juu ya mlango. Mwigizaji akipiga hatua tatu pembeni, sauti imepotea. Basi wakasimama. Kufikia 1930 kamba zilikuwa zimeanza kulegea, lakini woga haukuwa umewatoka, na woga huo ndio ulioukuta ukazima.

Sasa nikuambie kilichonifanya mimi nisiizime.

Lincoln alikufa asubuhi ya tarehe 15 Aprili 1865. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha isikike, ile ya Edison, ilipatikana 1877. Miaka kumi na miwili ikawa imepita, na sauti yake imekwenda naye. Waliomsikia akiwa hai waliandika kwamba ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, karibu kali, inayofika mbali hata kwenye umati mkubwa wa wazi. Halafu fikiria ukumbi wa sinema New York, Agosti 1930. Kuna wazee wamekaa mle ambao walikuwa watoto wakati wa vita ile. Picha za Lincoln wamezizoea, sanamu yake wanaijua, na kwenye filamu bubu wamemwona mara nyingi akifumbua mdomo bila kutoa neno. Usiku huo, pale kwenye kitambaa, mdomo unafumbuka na neno linatoka.

Aliyepewa kazi hiyo ni Walter Huston, mzaliwa wa Toronto, mtu wa jukwaani. Hakujaribu ile sauti nyembamba ya waliomsikia. Alileta sauti yake mwenyewe, nzito kiasi, yenye mkwaruzo, inayojua kushuka. Mwanzoni mwa filamu, akiwa kijana wa New Salem, inamkaa vibaya, maana mtu mzima wa miaka arobaini na ushee anajifanya mwanamieleka wa kijijini na mchumba mwenye haya. Hapo nakubaliana nawe. Na yale mapenzi yake na Ann Rutledge, ndiyo yaliyokufukuza, najua. Binti huyo alikuwepo kweli na alifariki 1835, ila ukubwa wa penzi lenyewe wanahistoria wamebishania mpaka leo, kwa kuwa hadithi hiyo ilienezwa na William Herndon, mwanasheria mwenzake Lincoln, baada ya Lincoln kufa. Filamu imeibeba yote, ikaifanya ndiyo mzizi wa huzuni ya mtu mzima. Ni mzigo mkubwa mno kumtwika msichana mwenye matukio machache.

Lakini vuka hapo. Fika Ikulu. Kuna usiku vita inaendelea, na Huston anatembea. Anakwenda mpaka mwisho wa chumba, anarudi. Mabega yameshuka, mikono mirefu inaning'inia kama si yake. Hahutubii mtu. Anaposema, anasema kidogo, na sentensi inayomrudia kila mara ni kwamba Muungano, ule wa majimbo ya Marekani, lazima udumu. Wewe na mimi neno Muungano tunalisikia kila Aprili, kwa hiyo linaweza kutupita sikioni. Msikilize Huston anavyolitamka kadiri filamu inavyosonga. Kwanza ni msimamo wa mwanasiasa. Baadaye, vijana wanapokuwa wanakufa kwa maelfu, anayelitamka ni mtu aliyekwisha kulilipia na hawezi tena kurudishiwa. Nilisimamisha nikarudisha nyuma mara tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sauti haikuja kwenye sinema kwa ajili ya hotuba. Ilikuja kwa ajili ya mtu anayeongea chini chini usiku chumbani.

Sasa tazama Griffith huyo huyo anavyoharibu. Tukio la kuuawa kwa Lincoln, usiku wa 14 Aprili 1865 katika jumba la maigizo la Ford pale Washington, alikuwa ameshalipiga picha mwaka 1915 ndani ya The Birth of a Nation. Bubu. Mlinzi anaondoka mlangoni, Booth, muuaji wake, anasubiri, hadhira inacheka mchezo unavyokwenda, Lincoln anajifunika shali kwa baridi. Shali tu. Hakuna neno, na unashika kiti. Miaka kumi na mitano baadaye analirudia akiwa na sauti mkononi, na anafanya nini? Anamsimamisha Lincoln pale kwenye roshani yake ya kifahari aseme na watu, na anayoyasema yametoka kwenye hotuba zake kubwa mbili, ile ya makaburi ya askari huko Gettysburg ya Novemba 1863 na ile ya kuapishwa mara ya pili, Machi 1865. Halafu risasi inalia. Lincoln hakusema hayo pale. Alikwenda kutazama mchezo wa kuchekesha na mkewe, na alipigwa risasi watu wakiwa wanacheka. Ukweli unatisha kuliko walichokitunga. Maneno ya Gettysburg yalisemwa mbele ya udongo mbichi wa makaburi, dakika mbili tu, na uzito wake umetokana na udongo ule. Ukiyang'oa ukayapeleka kwenye jumba la maigizo, yanabaki mapambo.

Nakuandikia hivi nikiwa na kurasa zako mezani. Ukurasa wa 61, Mkwawa yuko mlimani, wamebaki yeye na wachache, Wajerumani wanamsaka, ni Julai 1898, na wewe umempa hotuba ya ukurasa mzima. Nimeihesabu, mistari 34. Mpwa wangu, huyo mtu ana njaa, ni mgonjwa, na amechoka. Tena umempa Kiswahili cha taarifa ya habari, yeye aliyeota na kukasirika kwa Kihehe. Sisemi filamu yote iwe kwa Kihehe, ingawa ningefurahi. Nasema hujaisikia sauti yake bado, kama ambavyo hakuna aliye hai aliyeisikia, na umekimbilia risala kwa sababu risala ni rahisi kuandika. Nenda Kalenga, alikokuwa na ngome yake, ukakae na wazee. Usiwaulize habari za vita, watakupa zile zile za vitabuni. Waulize babu zao walikuwa wanamwitaje mtoto aliyekosea, walikuwa wanaagaje usiku. Andika hayo.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo kubwa.

Nakala uliyoitazama, kama nilivyokutumia, inaanza na meli ya watumwa baharini. Giza, miili imebanana, mmoja wao amekufa na wanamtupa majini. Kwa miaka mingi nakala zilizozunguka duniani hazikuwa na kipande hiki kabisa. Kiliporudishwa, sauti yake sehemu ilikuwa imepotea, kwa hiyo unaona watu wanafumbua midomo na maneno unayasoma chini. Filamu ya sauti, na watu wa kwanza kutokea ndani yake wamenyamaza. Najua ni mkanda tu ulioharibika, hakuna aliyepanga. Lakini mimi ni mtoto wa Bagamoyo, na nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu taa zikiwa zimezimwa.

Maana baada ya meli ile, filamu inakwenda kama saa moja na nusu juu ya vita iliyotokana na watu wale, na wenyewe hawarudi. Sikumwona hata mmoja aliyepewa jina na hadithi yake. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani akatoroka akawa mnenaji ambaye watu walisafiri kumsikiliza, alikwenda Ikulu akaonana na Lincoln uso kwa uso mwaka 1863, akamdai askari weusi walipwe sawa na wazungu. Hayumo. Askari weusi wenyewe waliopigana upande wa Muungano walifika karibu 180,000. Jenerali Lee wa upande wa Kusini, uliotetea utumwa, yumo, tena na heshima zake zote. Mbio za farasi za Jenerali Sheridan zimo, na nakiri ni nzuri, hapo kamera inapumua na Griffith wa zamani anaamka.

Griffith alizaliwa 1875 Kentucky, jimbo lile lile alilozaliwa Lincoln. Baba yake alikuwa kanali wa jeshi la Kusini, jina la utani Roaring Jake, Jake Mngurumaji. Alifariki mwanawe akiwa na miaka kumi. Mtoto alikua na hadithi za ngurumo ile, na alipopata kamera akatengeneza ile filamu ya 1915 inayolitukuza kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan na kuwadhalilisha watu weusi, wahusika wao wakuu wakiigizwa na wazungu waliojipaka masizi. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kiliipinga mji kwa mji. Kwa hiyo ninapoiona ile meli mwanzoni mwa filamu ya 1930, naona mzee wa miaka hamsini na mitano anaufungua mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe, anachungulia ndani kidogo, halafu anaendelea na safari yake. Inanisikitisha kwa dhati, kwa sababu mle ndani ndimo ilimokuwa filamu yake. Mwaka uliofuata alitengeneza moja tu nyingine, ikaanguka, na hakuongoza tena mpaka alipofariki 1948.

Sasa rudi kwenye skripti yako, ukurasa wa 22. Lugalo, Agosti 1891. Umeandika vizuri sana ule ukimya wa msituni kabla ya shambulio, nimeupenda, usiuguse. Msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, unapita, umewaandika maofisa wa Kijerumani kwa majina, umewaandika mashujaa wa Kihehe kwa majina. Na katikati umeandika mstari huu: "WAPAGAZI wanapita na mizigo." Basi. Baada ya kurasa tatu wamekufa, wengi, na hakuna aliyemsikia hata mmoja. Walitoka wapi? Walikuwa wanaongea lugha gani njiani? Yule wa mwisho kwenye mstari, mwenye kidonda mguuni, alikuwa anamwambia nini mwenzake dakika moja kabla? Mpe sentensi moja. Hata kama analalamika juu ya ujira.

Itazame tena Jumamosi, yote. Bando nitakurushia. Kipande cha meli kitazame ukiwa umeongeza sauti mpaka juu, usikilize pale ambapo hakuna kitu. Halafu Jumapili baada ya chakula cha mchana njoo nyumbani na kurasa zako, shangazi yako atakuwa amepika pilau. Tutaanzia ukurasa wa 22.

Mjomba wako