Wapangaji wa huduma za maisha wasihukumiwe kwa jumla ya fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wapangaji wa huduma za maisha hapa Marekani, yaani wataalamu wanaoandika mpango wa matunzo na vifaa atakavyohitaji majeruhi maisha yake yote, pamoja na gharama zake, kazi yao ni kuwatunishia mawakili madai ya fidia. Mimi ni mtunza wagonjwa majumbani, Columbus, Ohio, na kijana ninayemhudumia, aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya gari, alitembelewa na mmoja wa wapangaji hao.

Mama yule alikaa nasi zaidi ya saa tatu. Alifungua kabati akahesabu mipira ya mkojo na kuuliza inatumika mingapi kwa siku. Akapima mlango wa bafu, ambao kiti cha magurudumu hakipiti. Akaubonyeza mto wa kukalia na kutaka kujua ulinunuliwa lini, kwa kuwa mto uliochoka huleta vidonda. Mimi nami aliniuliza usiku ninaamka mara ngapi kumgeuza mgonjwa, swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

Kisha aliwatafuta madaktari wa kijana, maana mpangaji hana kazi ya kubuni matibabu: kila tiba anayoiandika sharti iwe na msingi wa kitaalamu. Ndipo hutafuta bei za pale anapoishi mgonjwa, akaonyesha kila kifaa kitabadilishwa baada ya miaka mingapi, na mara nyingi mchumi ndiye hugeuza gharama hizo za miaka ijayo kuwa thamani ya fedha za leo. Wengi wao ni wauguzi au wataalamu wa utengamao, yaani wa kumsaidia mgonjwa arudie uwezo wa kujimudu, na taaluma yao ina viwango vilivyoandikwa vinavyowataka wasiegemee upande.

Ni kweli hulipwa na aliyewaita, awe mdai au kampuni ya bima, na ndiyo maana mahakamani huhojiwa mstari kwa mstari. Anayeweza kumwona mgonjwa, asimwone, kisha akaandika mpango wake, huyo simtetei.

Kesi ya kijana wetu haijaamuliwa. Hata hivyo mama yake mzazi, aliyekuwa akimgeuza peke yake kila baada ya saa mbili kabla sijaajiriwa, alipousoma mpango ule alikuta saa za usiku zimeandikwa kuwa ni kazi ya mtu wa kulipwa, akaurudia ukurasa huo mara ya pili.

Mtunza wagonjwa,
Columbus, Ohio