Tomati isubiri maharagi yaive

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi ulitufundisha juzi tukaange kitunguu na tomati, kisha tumimine maharagi mabichi na maji juu yake, tufunike hadi yaive. Naomba mtu asifanye hivyo. Mimi ninapika maharagi kila siku hapa Kadutu, mjini Bukavu, yanaliwa na wabeba mizigo na wamotari wa pikipiki, na kosa hilo nimelilipia.

Siku hiyo mdogo wangu ndiye aliyewasha mbabula, jiko letu la mkaa. Kwa nia njema akatia tomati nane kungali alfajiri, maharagi magumu kama changarawe. Ilipofika saa sita wateja wameketi, bugali iko tayari. Nikachota punje moja, nikaiminya: ganda limepasuka, lakini ndani ni unga mkavu unaokwaruza jino. Nikaongeza makala, yaani mkaa, mara mbili. Yalilainika saa nane, na watu walikuwa wameshakula kwingine.

Kinachozuia ni ule uchachu wa tomati. Haragi limeshikana kwa kitu kinachoitwa pektini, kilekile kinachogandisha jamu ya matunda. Katika maji matupu ya moto kinaachia polepole. Katika maji yenye uchachu kinang'ang'ania. Ukikamulia ndimu mapema, utaona mambo ni yaleyale. Na sisi wa Bukavu tuna mzigo wa pili: mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Hata bila tomati, maharagi yanachelewa huku. Anayeandika mapishi akiwa pwani hawezi kulijua hilo, lakini nyinyi mnaotuandikia sisi mngelikumbuka.

Mimi ninayaloweka usiku. Asubuhi namwaga yale maji, nayachemsha kwa maji mapya bila kitu kingine, hadi punje ikibanwa kwa kidole gumba inakuwa uji. Ndipo naweka sufuria ya pili: mawese, kitunguu, halafu tomati zilizoiva hasa, zile laini ambazo wauzaji wanazipunguzia bei jioni. Hapa sina haraka kabisa. Nazikoroga mpaka maji yake yakauke, harufu ya ubichi iishe, mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mtu akizitoa kabla ya hapo, mchuzi wote utakuwa mchachu, na hakuna chumvi itakayouponya. Kisha nazimimina kwenye maharagi, zichemke pamoja dakika kumi tu.

Naomba mrekebishe maelezo hayo kwenye ukurasa uleule. Mabinti wanaoolewa wanayakata na kuyabandika ukutani jikoni, na makala wanayanunua kwa ndoo.

Mama mpika maharagi,
Kadutu, Bukavu