Mjukuu wangu alighani juu ya lishe, mkampa soda: barua kwa walimu na wazazi

Wanangu walimu, nanyi wazazi wa kamati ya shule,

Siku ya kilele cha Wiki ya Lishe nilikuwepo. Nilikaa safu ya mwisho, upande wa jua, maana viti vya kivulini mlikuwa mmewatengea wageni rasmi. Sikulalamika. Nilikuja kumsikiliza mjukuu wangu wa darasa la tatu, ambaye kwa majuma mawili alikuwa ametuchosha nyumbani kwa shairi la beti nne juu ya vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Alighani vizuri. Alipofika kwenye mshororo wa sukari na meno, akaonyesha meno yake kwa kidole, na mawili ya mbele hayapo. Watu wakaangua kicheko, mimi nikafuta machozi.

Kisha mgeni rasmi akamwita mbele akampa cheti, chupa ya soda ya nusu lita na pakiti ya biskuti.

Nikatazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Mwalimu mkuu alikuwa akipiga makofi, wazazi wameinua simu wanapiga picha. Walioshika nafasi ya pili wakapewa soda, wa tatu wakapewa soda, na waliokosa nafasi nao wakagaiwa pipi ili wasilie. Nyuma ya jukwaa chati yenu ya lishe ilikuwa imening'inia, imebanduka kona moja, inapepea.

Sikuandika ili kuwaaibisha. Ningetaka hivyo ningesimama palepale, na mnanijua sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, najua Wiki ya Lishe huandaliwa na walimu wawili wasiolala, kwa bajeti ambayo haipo. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, na hadi leo haijapoa.

Jioni ile nilimwomba mjukuu wangu ile chupa. Alikuwa amekwisha kuinywa yote, midomo imebaki rangi ya chungwa. Tukasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa pamoja. Nikamwambia kwamba kwenye orodha ya viambato, kilicho kingi zaidi kwa uzito ndicho hutajwa kwanza. Cha kwanza kilikuwa maji, cha pili sukari, kisha msururu wa majina aliyoyasoma kwa kukwama. Chungwa lenyewe halikuwemo ila kwenye picha. Sukari ilikuwa gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Akachukua penseli, akapata gramu 53. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, basi nikampa kopo la sukari, bilauri tupu na kijiko, nikamwambia ahesabu. Vijiko 13 na kidogo juu. Alipofika cha saba akaniangalia kama vile nimekosea mimi. Alipomaliza akainua bilauri, akaitazama kwenye taa, akasema, "Bibi, yote hii?" Nikasema yote hiyo. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama anaweza kuilamba.

Hapo nikacheka, hasira na yote. Mtoto ni mtoto. Lakini tazameni: dakika 20 mezani, kwa penseli na kijiko, alijifunza kusoma lebo, kuzidisha desimali, na kujua kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Zawadi yenu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hizo, ndani ya mtoto wa miaka 8. Shairi la majuma mawili halikumfundisha hilo.

Sasa nikiri na langu, msije mkasema bibi anatema cheche kwa wengine tu. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa na mkebe wa pipi kwenye droo. Anayejua jedwali la saba bila kukosea, pipi. Anayenyamaza mpaka kengele ilie, pipi. Darasa langu lilisifika kwa utulivu, nami nilivimba kichwa. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi; mimi nilimkunja kwa pipi. Miaka mingi baadaye kijana mmoja mwenye ndevu alinisimamisha kwenye foleni ya benki, akanikumbatia, akasema, "Mwalimu, nakukumbuka! Zile pipi zako za kijani!" Nikamuuliza saba mara nane ni ngapi. Alicheka, akatoa simu mfukoni.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Mwaka 1980 Leann Birch na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo: chakula kilekile, kilipotolewa kama zawadi, watoto walikipenda zaidi kuliko awali. Baadaye akaonyesha na upande wa pili: mtoto akiambiwa "kula hiki ndipo upate kile", hicho alicholazimishwa hupungua kukipenda kuliko zamani. Ina maana kila mara mnaposema "maliza mboga upewe biskuti", mnamfundisha kwamba mboga ni adhabu na biskuti ni sikukuu. Nanyi wazazi mnaosoma hapa mkitikisa kichwa kuwasikitikia walimu, hilo mnalifanya nyumbani kila siku.

Mtoto hufurahia mno kusifiwa mbele ya wenzake. Mpeni kamba ya kuruka, mpira mdogo, penseli za rangi, kitabu, nafasi ya kupiga kengele siku nzima. Mjukuu wangu angeuza soda kumi apate kupiga ile kengele.

La pili limeniuma zaidi, na nitalisema taratibu. Katika wiki hiyohiyo, mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliwaambia watoto wafungue vyombo vyao vya chakula juu ya dawati, akapita akikagua. Huyu mlo kamili, huyu si mlo kamili. Alipofika kwa binti mmoja akainua kipande chake cha mkate mkavu kionekane na darasa zima, akauliza, "Hapa kuna kundi gani la chakula?" Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni la kutia nguvu. Alijibu sawasawa, maskini. Siku ya pili alikuja bila chombo kabisa, akasema hana njaa.

Mwalimu, nakuomba kama mama yako. Mtoto wa miaka 6 haendi sokoni, hana mkoba wa fedha, hapangi mlo wa nyumba. Ukimhukumu kwa kilichomo ndani ya chombo, umewahukumu wazazi wake mbele ya watu, na yeye ndiye anayebeba hukumu hiyo mpaka nyumbani. Pima kinachopimika shuleni: chakula kinachopikwa na shule, kinachouzwa na shule, maji yanayotoka kwenye bomba la shule. Na ile tabia ya kuwapima watoto uzito mbele ya wenzao na kutaja kilo kwa sauti, ikomeshwe kesho asubuhi. Afya ya mtoto huzungumzwa na mzazi wake, mlango umefungwa.

Mengine nayapitia haraka, maana mnayajua na ni uvivu tu unaowazuia. Maji safi ya kunywa yawepo karibu na madarasa, si karibu na ofisi. Mapumziko ya chakula yawe ya kutosha kutafuna; nimeona watoto wanakula wamesimama. Sabuni iwepo kila siku, si siku ya wageni pekee. Chumvi ipunguzwe jikoni. Chai isiandamane na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa; tunda lenye vitamini C baada ya maharage husaidia kuyafyonza. Ile chati ibadilishwe, nusu ya vilivyochorwa humo watoto hawajawahi kuvishika. Na mpishi wa shule aalikwe darasani, yeye anajua watoto wanarudisha nini kwenye sahani kuliko sisi wote.

Kuhusu watoto kukataa mboga, acheni kukata tamaa mapema. Mtoto huogopa chakula kigeni kama anavyoogopa mtu mgeni. Huenda akahitaji kukionja mara 8 hadi 15 kabla hajakizoea, na sisi wengi tunaacha mara ya tatu, tunatangaza "huyu hapendi" mbele yake, naye anaishika hiyo sentensi kama jina la ukoo. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Aonje, ateme kwenye karatasi kama hataki, bila kelele na bila kusifiwa kupita kiasi. Na waacheni wapande mboga wao wenyewe. Mkisema shule ya mjini haina udongo, nitawajibu kwamba ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha mche mmoja, na ukingo wa dirisha unatosha ndoo nne. Nilikuwa na darasa la watoto 52 walioshindana kula majani kumi na kitu yaliyoota kwenye ndoo moja. Yalikuwa machungu. Walikula.

Sasa niseme na wakubwa. Ni rahisi kumlaumu mwalimu aliyeagiza kreti za soda, lakini nani alizileta? Mlango wa shule umepakwa rangi za kampuni ya vinywaji, bango la jina la shule lina nembo yao kubwa kuliko jina lenyewe, na shule ilishukuru kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea kununua rangi. Mwezi Mei 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliafiki mapendekezo kwamba mahali wanapokusanyika watoto, shule zikiwemo, pasiwe na matangazo ya vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi. Ni miaka mingapi hiyo? Anayetangaza anaingia kwa geti kubwa. Muuza matunda anafukuzwa na mlinzi kwa sababu anachafua mazingira.

Kwingine wamethubutu. Chile tangu mwaka 2016 bidhaa zilizozidisha sukari, chumvi, mafuta au kalori hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane, na chenye alama hiyo hakiruhusiwi kuuzwa shuleni. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anaiona. Japani ilipitisha sheria ya elimu ya chakula mwaka 2005, na mwaka huohuo ikaanza kuwa na walimu wa lishe shuleni. Huko watoto huvaa aproni na kofia, wakagawiana chakula kwa zamu, na mwalimu hukaa akala nao kilekile. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Mwalimu anayekunywa soda kwenye kona ya ofisi kisha akaingia darasani kufundisha sukari anaonekana dirishani, wanangu. Watoto wana macho.

Na akina baba. Kwenye semina ya lishe ya wazazi nilihesabu akina mama 41 na baba mmoja, naye alikuja kwa sababu alidhani ni kikao cha ada. Pesa ya matumizi nani huitoa? Anayerudi jioni na mfuko wa pipi ili apendwe mlangoni ni nani? Barua za semina ziandikwe kwa majina yao.

Nimeandika ndefu, mnivumilie. Yule binti wa mkate mkavu nimemwombea kwa mwalimu wake mkuu, na mwalimu wa darasa ameniahidi atazungumza naye wakiwa wawili tu. Nitafuatilia.

Kilele cha mwaka ujao nitakuja tena, na zawadi nitazileta mimi. Nimekwisha kununua kamba za kuruka 12 na mipira midogo 9, vimo ndani ya sanduku chini ya kitanda, na mjukuu wangu amekatazwa kulifungua. Penseli za rangi bado natafuta. Kama tayari mmeagiza soda, nitumieni habari mapema, ili kreti zirudishwe kabla sijafika. Na kiti changu, tafadhali, kiwe kivulini.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu