Kwa vijana wangu wafyatua matofali wa Mbarali: tumechemsha maji miaka mingi

Kamwene wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaofyatua matofali kuanzia Igurusi hadi Rujewa. Kazi hiyo nimeifanya miaka 30, na kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu ni shahidi. Nilikikuta kina miyombo. Leo mbuzi hawapati hata kivuli. Miti ile niliiingiza kwenye midomo ya matanuri yangu, na ninawaomba radhi, maana ninyi ndio mnaozifuata kuni mbali na kuzinunua kwa bei inayowamaliza.

Siwaambii mwache kazi. Watu wanataka nyumba, nanyi mna watoto. Nataka mjue jambo nililolielewa nikiwa nimeshazeeka: sehemu kubwa ya kuni zangu haikuchoma tofali. Ilichemsha maji.

Hebu pigeni hesabu. Tanuri la matofali 10,000, kila tofali likibaki na robo lita ya maji ndani, ni lita 2,500. Ni mapipa 12 na zaidi, na yote lazima yageuke mvuke kabla tofali halijaanza kuiva. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, mteja kalipa nusu na mvua za Novemba zinanusa. Nikapanga matofali yakiwa bado yana ubaridi ndani. Siku mbili tanuri likatoa mvuke mweupe, nami nikazidi kusukuma magogo. Tulipolibomoa, ya chini yalikuwa yamepasuka na ya juu hayajaiva. Nililia, wanangu. Sikulilia fedha tu.

Basi kausheni. Jua la Usangu kuanzia Juni ni la bure. Siku za mwanzo tofali lifunikwe nyasi lisipasuke, kisha ligeuzwe na kusimamishwa lipate upepo pande zote. Na tanuri likandikwe udongo vizuri, mkizibe kila kiufa, kwa sababu joto linalotoka pembeni mmelinunua. Hata moshi mzito unaotukoholesha ni kuni ambayo haikuungua vizuri.

Halafu pumba. Nasema zile ngumu, maganda, si zile laini za kulishia nguruwe. Kila kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 20 za maganda, nanyi mnajua vilima vyake kwenye mashine za Ubaruku, vinavyochomwa ovyo kupunguza uchafu. Wapo wenzenu wanaochomea matofali kwa pumba hizo, na wanafanya vema. Mimi naongeza: changanyeni kiasi kwenye udongo wenyewe wakati wa kukanyaga. Pumba zikishika moto, tofali huiva kuanzia ndani, na kuni hupungua. Zikizidi, tofali hulegea, kwa hiyo anzeni na tanuri dogo la majaribio.

Mmeniuliza pia kuhusu tanuri la wima, lile lililotoka China na kufika India miaka ya 1990, ambalo majirani zetu Malawi nao walilijaribu. Matofali huingia juu na kutoka chini, moto unakaa katikati. Hewa inayopanda hupozesha yaliyoiva na kupasha yanayosubiri, na nishati inayookolewa inaweza kufika theluthi au zaidi. Ni zuri kweli. Ila halizimwi leo na kuwashwa kesho, linataka matofali makavu kila siku, paa, na soko lisilokatika. Mtu mmoja haliwezi. Kikundi chenye daftari la fedha linaloaminika kinaweza, na hapo ndipo ningependa mfike.

Jumamosi nitakuja kwenye uwanja wenu. Niwekeeni tofali moja mnaloamini limekauka, tulivunje katikati. Moyo wake ukiwa mweusi kuliko kingo, tanuri halipangwi wiki hiyo.

Ni mimi, babu yenu.